Uwanja Umekubali

3 Februari

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kama masikio bado yamegoma, basi macho angalau yako kazini. Binti yako alituambia simu huisikii tena hata ukibandikiwa sikioni, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama watu wa kale. Huku sote wazima. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi tu, likishaota jua linasahau. Mdogo wangu, yule uliyemwacha akiwa bado tumboni, amemaliza chuo cha ushonaji. Amekuwa mfupi kama mama na mbishi kama marehemu baba. Mtaani wanamwita Mikono. Ukimwona utajua kwa nini.

Sasa shika kiti. Nimepata kazi, na kazi yenyewe ni yako. Klabu imefufuliwa, na mtunza uwanja ni mimi, mtoto wa kike.

Kufuli la geti lilikuwa limeota kutu mpaka tukalikata kwa msumeno. Miaka kumi na tisa hakuna aliyeingia mle. Tulikwenda na mapanga, tukitegemea pori, na mama alinivalisha mabuti kwa kuogopa nyoka. Baba Mkubwa, tulikuta zulia. Nyasi vidole viwili kutoka ardhini, goli hadi goli, kama zimekatwa jana. Nje mbuzi wanatafuna maboksi kwa ukame, ndani kijani kitupu. Katibu wa klabu akapiga makofi akasema, "Jamani, uwanja umekubali!" Tukacheka wote.

Usemi wako umesambaa, hujui tu. Kinyozi akipata wembe mpya na kichwa cha mviringo, uwanja umekubali. Kijana akienda kuposa akakuta baba mkwe ameshiba na anacheka, uwanja umekubali. Jambo lolote lililonyooka, hewa nzuri, watu wazuri, wakati mzuri, ndivyo wanavyosema. Hakuna anayekumbuka kwamba ulitoka kinywani mwako, Mzee Pekupeku, uliyekuwa ukizunguka uwanja bila viatu kabla ya kila mechi.

Viatu vyako bado vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Ngozi bado laini. Nakumbuka siku uliyotuaga, mguu una bendeji na hukuvirudia.

Mechi ya ufunguzi ni Jumamosi, 14 Juni. Neno la mwisho, kama uwanja umekubali, ni langu. Nifundishe basi: ulikuwa unajuaje?

Mwanao,
Kichuguu


26 Februari

Mwanangu Kichuguu,

Marahaba. Barua yako imetumia siku kumi na nne njiani, konokono angeshafika na kupumzika. Msalimie shemeji yangu na goti lake. Mimi sijambo. Binti yangu akitaka kunisemesha anapiga kelele mpaka jirani anaitikia "naam". Chakula nakula. Miguu tu ndiyo inanishangaza. Naamka asubuhi imechoka kama nimelima ekari, na huyu binti anaapa kwamba nalala kama gogo.

Sikutaka mtu wa ukoo wetu ashike kazi hiyo. Lakini umeshaishika, basi sikiliza.

Uwanja mzuri unaonekana kwa macho. Hata mpita njia anaweza kuusifia. Uwanja uliokubali ni kitu kingine, na watu wenu wanaosema hivyo wakiona kijani tu wamechukua ganda wakaacha kokwa. Mimi sikusema umekubali kwa sababu unapendeza. Nilisema kwa sababu nimeuliza. Unavua viatu kabla ya jua. Unaanzia geti, unazunguka wote, kisha unakata katikati goli hadi goli. Kisigino kinakuambia ugumu. Vidole vinakuambia maji. Na baridi iwe moja, uwanja mzima. Ukikuta mahali pana joto, usilitamke hilo neno, hata siku iwe nzuri vipi.

Katika miaka ishirini nilikataa mara tatu. Mara moja ilikuwa siku kavu, vumbi tupu, nikasingizia uwanja umelowa. Walinizomea, wakanicheka mpaka wakalia. Wiki iliyofuata pakapoa, wakacheza, kila mtu akarudi kwake. Neno langu lilikuwa na uzito kwa sababu ya siku hizo tatu.

Viatu vile vichome. Usivivae wala usimpe mtu.

Wasalimie. Hapa tunangoja mvua kama ninyi.

Baba yako mkubwa


18 Machi

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Mama anasema ujikande kwa maji ya moto na chumvi. Yeye hajambo. Mikono ameshona pazia la sebuleni, kubwa kuliko dirisha, na amekataa kukubali kwamba alikosea vipimo. Anasema dirisha ndilo dogo.

Viatu sijavichoma, nisamehe. Ngozi kama ile haipatikani tena, nikaona ni ufujaji. Sasa naona ningekusikiliza.

Jumatano niliacha kamba, vigingi na mfuko wa chokaa stoo ili kesho yake nichore mistari. Alhamisi nafika, mistari imeshachorwa. Imenyooka, Baba Mkubwa, mimi sijawahi kuchora hivyo na sitawahi. Nikamuuliza Katibu kama ametuma fundi, akadhani namtania. Kufuli ni jipya na ufunguo ni mmoja, naulalia. Nikaenda stoo. Soli za viatu vyako zilikuwa na chokaa mbichi. Nilicheka kidogo peke yangu, halafu nikaacha.

Nikavua vyangu nikatembea kama ulivyoelekeza. Kote baridi, umande mpaka kwenye kifundo. Nilipofika goli la upande wa tangi la maji, hatua mbili kutoka mlingoti wa kushoto, unyayo ukashtuka. Mahali padogo, kiasi cha sahani, pana joto kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi. Jua lilikuwa halijatoka. Nilirudi mara tatu nikapakanyaga.

Nilipomsimulia mama, alinyanyuka akaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi. Nakuuliza wewe basi, kwa kuwa nilikuwa na miaka minane na hakuna aliyeniambia zaidi ya kwamba moyo ulisimama: baba alikuwa anadakia goli gani siku ile aliyofariki?

Mwanao,
Kichuguu


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari ya pazia, mwambie binti huyo fundi hakosei, kitambaa ndicho kinachokosea. Hapa mjukuu wangu mdogo ameota jino, anatuuma sote bila ubaguzi. Mvua imegusa ikaondoka.

Kuhusu mbolea: tumia samadi iliyokaa, isiyonuka, usiimwage mara moja. Mashine ikikwama usitie mkono kabla hujaizima. Nyasi za pembeni zikate kwa fyekeo.

Lile uliloniuliza ni la zamani. Moyo ni moyo, mwanangu.

Kucha zangu zina weupe asubuhi. Binti yangu anasema ni unga. Nimemkubalia ili tusibishane, ingawa jikoni siingii.

Vichome viatu. Halafu niandikie nani atakuwa kipa wenu, na ataanza goli lipi.

Baba yako mkubwa


20 Mei

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Utanisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima kwenye mfuko wa aproni, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mama mzima, ila siku hizi anaongea kidogo. Pazia limepunguzwa.

Viatu nimevichoma Jumapili iliyopita nyuma ya stoo. Viliungua vizuri, nikafagia majivu. Jumatatu mistari imechorwa upya. Safari hii pembeni ya chokaa kuna nyayo. Za mtu mzima, pekupeku. Mguu wa kulia umekanyaga wote. Wa kushoto, kisigino hakigusi chini. Nimezifuata nyayo zile zote. Zinazunguka kuanzia geti, zinakata katikati, na pale kwenye tangi zinasimama. Inaonekana alisimama kwa muda mrefu, maana nyasi zimelala.

Lile joto si sahani tena. Limekuwa kama mkeka.

Sasa lile nililokuficha. Kipa wetu ni Mikono. Mechi ya ufunguzi ni ya timu ya wanawake, na kipindi cha kwanza atasimama upande wa tangi. Sikukuambia kwa kuwa ungenikataza, na mama alinikataza nisikuandikie neno lolote kuhusu hilo. Mwenyewe ana furaha ya kutisha. Ameshona glavu kwa mkono wake, analala nazo. Hajawahi kumwona baba, na anasema akisimama pale atakuwa kama amemwona.

Kila mtu anasema hatujawahi kupata hali kama hii. Nyasi nzuri, upepo hakuna, jua la adabu. Vipaza sauti vimeshafungwa, wageni wamealikwa. Nikisimama mbele yao niseme uwanja haujakubali, nitawaonyesha nini? Wakiutazama hauna kasoro hata moja, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nijibu upesi. Naogopa, Baba Mkubwa.

Kichuguu


4 Juni

Mwanangu Kichuguu,

Leo sina salamu. Barua yako imefika asubuhi hii, na hii naipeleka posta mwenyewe mchana huu huu.

Wiki ya mechi ile nilikanyaga msumari pale stoo. Kisigino cha kushoto. Kilivimba, nikawa nalala nimekining'iniza. Jumamosi nilichelewa kuamka, na nilipofika getini watu walikuwa wamejaa. Mguu ulikuwa ndani ya kiatu na haukutaka kutoka. Usiku kulikuwa na manyunyu, asubuhi ikawa na hewa ambayo huipati mara mbili kwa mwaka. Manahodha wananingoja, refa ananingoja. Baba yako alikuwa ameshasimama golini upande wa tangi, anacheka, ananipigia kelele, "Kaka, sema basi tucheze!"

Nikatazama kwa macho. Sikuvua viatu, sikupiga hata hatua moja. Nikasema nikiwa pale pale getini: uwanja umekubali.

Sikuwa nimeuliza, Kichuguu. Nilisema kama wanavyosema watu wenu wa kinyozi.

Dakika ya ishirini mpira ulikwenda chini, kushoto kwake. Akaruka, akaukamata. Watu wakashangilia. Wakashangilia mpaka wakachoka, naye hajainuka. Tulitumia watu wawili kuutoa mpira mikononi mwake. Daktari akasema moyo, na mimi sibishani na daktari. Lakini tulipomwinua niliweka kiganja pale alipolala. Palikuwa na joto kuanzia ncha ya vidole vya mikono hadi visigino, urefu wake kamili, wala halikuzidi hata kidole. Nyasi za pembeni zilikuwa za baridi. Joto hilo halikuwa lake, mwanangu. Lilikuwa limetandikwa akiwa bado hajalala.

Nilivua viatu siku hiyo, kamba nikazikata kwa kisu, nikaviacha stoo. Nilimwambia mama yako yote. Hakunifukuza. Aliniomba jambo moja tu, nisiwaambie watoto. Ndiyo maana nikaondoka, kwa kuwa sikuweza kuwatazama na kunyamaza.

Tangu uvichome vile viatu nahisi njia yote usingizini. Najua sasa ninakokwenda usiku. Nimekuwa nikifanya kazi ile miaka hii yote, nikidhani natengeneza nilichoharibu, kumbe nimekuwa nikiutayarisha uwanja umchukue mtoto wake. Usimwache asimame pale. Hata wakikupiga, usilitamke.

Mungu aifikishe barua hii.

Baba yako mkubwa


15 Juni

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako haijafika. Jana kabla ya mechi nilipita posta, yule bibi wa dirishani akatikisa kichwa kabla sijauliza. Kwa hiyo lililofanyika nimelifanya kwa akili yangu, na kama nimekosea, kosa ni langu.

Niliingia uwanjani kabla ya jua, na kopo la chokaa. Joto lilikuwa limebadilika. Nikaamua kufuata ukingo wake kwa kidole cha mguu, huku namwaga chokaa nyuma yangu. Lilikuwa jembamba na refu. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama. Lilikuwa umbo la mtu aliyelala ubavu, mikono yote miwili imenyooshwa upande wa kushoto.

Wa kwanza niliyemfikiria ni baba. Lakini baba alikuwa mrefu, mama husema alikuwa akigusa mwamba wa goli bila kuruka. Umbo lile lilikuwa fupi. Nikachukua kamba ya mistari nikalipima, nikafunga fundo, nikaenda nyumbani. Mikono alikuwa bado amelala, glavu mkononi, mikono juu ya kichwa. Nikainyoosha kamba kando yake, kutoka kisigino hadi ncha ya vidole.

Fundo lilifika pale pale.

Nilifuta chokaa ile kwa miguu yangu. Sikutaka aione.

Saa kumi uwanja umejaa. Siku nzuri mno, Baba Mkubwa, hata mimi niliitamani. Katibu akaniletea kipaza sauti, meno yote nje. Nikasema, "Uwanja haujakubali." Wakadhani natania. Nikarudia. Ndipo miluzi ikaanza, kuzomewa, na mtu akanirushia chupa ya maji. Katibu akaninyang'anya kipaza sauti akatamka yeye: "Uwanja umekubali! Tucheze!" Na Mikono akaanza kutembea kwenda golini, hanitazami.

Nikavua viatu nikakimbia nikamtangulia. Nikaketi pale pale penye joto, nikakunja miguu kama nimefika kwangu. Joto lilipanda mgongoni mpaka nikatoa machozi. Walinivuta, nikashika mlingoti.

Refa ni mzee, sikuwahi kumtilia maanani. Alikuja akasimama mbele yangu, hakutazama uso, alitazama nyayo. Akaniuliza taratibu, "Umetembea?"

"Nimetembea."

"Wote?"

"Wote, tangu geti."

Akapuliza kipenga mara tatu, akaweka kadi zake mfukoni, akaondoka. Watu walimzomea yeye sasa.

Kazi sina tena. Hilo si kitu. Mikono aliniambia, "Wewe una wivu, hutaki nimwone baba," na jana hakulala nyumbani. Nimemwokoa na nini? Sijui hata nimwambie nini. Nimekaa na kamba hii mezani, na mama ameiona, hajauliza.

Kichuguu


30 Juni

Mwanangu Kichuguu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara mbili. Naamini yangu ya tarehe nne sasa unayo. Mpe mama yako aisome kwanza. Miaka kumi na tisa nimetunza ahadi yake, asije akaona nimeivunja nyuma ya mgongo wake.

Jumamosi ile saa kumi nilikuwa nimekaa kitandani. Wewe unajua mimi ngurumo inanipita. Nilisikia umati. Watu wengi sana wanapiga miluzi, wanazomea, kama walivyonizomea mimi siku ya vumbi. Nikajua umekataa. Nililia kwa furaha mpaka binti yangu akamwita mganga wa zahanati. Halafu kukawa kimya kama kawaida yangu.

Tangu usiku ule nimelala. Miguu haina uchovu, kucha ni safi.

Mikono atarudi. Mbishi kama baba yake, umesema mwenyewe, na yeye alikuwa akinuna siku tatu, ya nne anakuja kuomba chai.

Baba yako mkubwa


21 Julai

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sote wazima, na goti la mama linapanda ngazi. Barua yako ya tarehe nne ilifika siku tano baada ya mechi, imegongwa mihuri ya mji ambao hata sijui uko wapi. Mama aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaniambia nimpelekee Mikono, yeye mwenyewe amechoka kunyamaza.

Alirudi siku ya nne baada ya kuisoma. Hakuomba chai, alikwenda moja kwa moja jikoni akaichemsha.

Uwanja umekauka. Ndani ya wiki moja nyasi zimekuwa rangi ya kamba, mchwa wameinua vichuguu, chokaa imepeperuka. Watu wanapita getini wanasema ni mimi niliyeuloga. Ufunguo Katibu alisahau kunidai, kwa hiyo jana alfajiri tuliingia, mimi na Mikono. Akavua viatu bila kuambiwa. Alizunguka wote kuanzia geti, akakata katikati, anasonya kila akikanyaga mbigili. Alipofika upande wa tangi akasimama. Kabla sijafungua mdomo akalala chini kwa ubavu, akanyoosha mikono kushoto.

Nilipiga kelele, Baba Mkubwa. Nilimshika mguu nimvute.

"Niache, dada," akasema. "Pana baridi." Akabaki pale kitambo, shavu kwenye vumbi, na mimi nikakaa kando yake. Ni baridi kweli. Ni baridi moja, uwanja mzima.

Nyasi zitaota, zikitaka. Mikono anasema atangoja. Lakini lile neno mimi sitalitamka, na yeye hataki litamkwe na Katibu. Njoo ulitamke mwenyewe. Panda basi mchana, kama watu. Njia miguu yako inaijua.

Wanao,
Kichuguu na Mikono